Karanga za Nachingwea na masanduku ya kifahari

Chumbani kwetu wiki nzima hii mada ni moja tu: mchezo wa mezani ambao bado haujatengenezwa. Kuna jamaa huko ughaibuni wameweka picha na maelezo kwenye intaneti, wanasema changa sasa hivi, sanduku utaletewa mwakani mwishoni. Ukichanga kidogo unapata sanduku la kawaida. Ukichanga zaidi unapata la kifahari: visanamu badala ya vipande vya karatasi ngumu, sarafu za chuma, ubao mnene kama mlango. Wenzangu wanne wanataka tuunganishe hela boom likitoka tuagize moja, tena hilo hilo la kifahari. Wakaniuliza: hivi hawa wanaochanga kabla ya kuona, huwa wanapata walichotarajia?

Mimi nasoma historia na nimekulia Nachingwea. Kumuuliza mtu wa Nachingwea swali hilo ni sawa na kumuuliza mtu wa Kigoma kama anawajua dagaa. Mji wetu wenyewe ulijengwa juu ya ahadi ya namna hiyo. Lakini tuanze na masanduku, maana ndiyo yanayotaka hela yetu.

Mtandao wa Kickstarter ulianza Marekani mwaka 2009, na michezo ya mezani ikawa moja ya vitu vinavyochangiwa sana humo. Utaratibu wake ni huu: mtunzi anataja kiasi anachohitaji, watu wanaahidi, kiasi kikitimia hela inakatwa. Kikizidi, mtunzi anaongeza vikorombwezo: tukifika laki mbili za dola kila mtu anapata kisanamu cha ziada, tukifika laki tatu tunaongeza ubao wa pili. Hapo ndipo sanduku la kawaida linapoanza kunenepa mpaka linakuwa la kifahari, na hapo hapo ndipo matatizo yanapoingilia.

Wapo waliopata haki yao. Gloomhaven ya Isaac Childres ilichangiwa mara ya kwanza mwaka 2015. Sanduku lina uzito wa kama kilo kumi, na kuanzia mwishoni mwa 2017 ilikaa miaka kadhaa nafasi ya kwanza kwenye orodha kubwa ya mashabiki wa michezo hii duniani. Mdogo wake, Frosthaven, mwaka 2020 ilikusanya karibu dola milioni 13. Iliahidiwa kufika Machi 2021, wengi wakaipata mwishoni mwa 2022 na mwaka 2023. Walichelewa ila walipata, na bei za makontena za kipindi cha korona zinajulikana. Kingdom Death: Monster ndiyo ya kifahari kuliko zote nilizosoma habari zake: kampeni yake ya pili, iliyofungwa Januari 2017, ilikusanya zaidi ya dola milioni 12, na miaka zaidi ya mitano baadaye wapo waliokuwa bado wanasubiri baadhi ya nyongeza walizolipia. Ajabu ni kwamba wengi wao bado wanaipenda kweli kweli. Hawa nitawarudia.

Halafu kuna waliolia. Mwaka 2012 watu walichangia mchezo unaoitwa The Doom That Came to Atlantic City, zaidi ya dola 122,000. Mwaka 2013 msimamizi akatangaza kwamba hakuna mchezo. Mwaka 2015 serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya biashara, ikamchukulia hatua kwamba hela zilikwenda kwenye mambo yake binafsi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tume hiyo kushughulikia kesi ya uchangishaji wa namna hii. Wachangiaji waliupata mchezo kwa sababu tu kampuni nyingine, Cryptozoic, iliuchukua ikautengeneza na kuwapa. Na kuna Darkest Dungeon ya kampuni ya Mythic Games: ilikusanya zaidi ya dola milioni 5 mwaka 2020, kisha mwaka 2022 kampuni ikarudi kwa wachangiaji wale wale ikiomba waongeze hela ndipo wapate walichokwishalipia.

Niliposoma hiyo ya mwisho nilicheka peke yangu maktaba mpaka mtu akageuka kunitazama. Maana hadithi hiyo naijua. Kwetu inaitwa Mpango wa Karanga.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini haina mafuta ya kula. Majarini na mafuta ya kupikia yalikuwa ya mgawo, na mgawo huo haukuisha mpaka Mei 1954. Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, akaja na wazo: tulime karanga Afrika Mashariki kwa matrekta, eneo kubwa ambalo halijawahi kulimwa. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, na wenzake wachache. Wakatembea na kuruka na ndege juu ya mapori kwa wiki tisa hivi, wakaandika ripoti.

Wadau, someni tarakimu za ripoti ile halafu muniambie kama si ukurasa wa kampeni. Ekari milioni 3.2 zingefyekwa kwa miaka sita. Mashamba 107, kila moja ekari 30,000, mengi yakiwa Tanganyika, machache Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Gharama pauni milioni 24 hivi. Mavuno tani 600,000 kwa mwaka. Hakuna aliyekuwa amelima hata ekari moja ya majaribio kwa mtindo ule katika ardhi ile, lakini tarakimu zilikuwa zimenyooka kama zimepigwa rula. Waziri wa chakula, John Strachey, akaupigia debe bungeni, na mwanzoni mwa 1947 serikali ikautoa kwa umma rasmi. Kazi ilikuwa imeshaanza.

Najua mtasema kodi si mchango wa hiari. Kweli. Mama wa Manchester hakubonyeza kitu popote, alikatwa tu. Lakini aliahidiwa kitu maalumu, majarini, kwa tarehe maalumu, na aliambiwa asubiri. Hilo ndilo linalonifanya nimwite mchangiaji. Na kulikuwa na mchangiaji wa pili ambaye hakuna ripoti iliyomhesabu: Mmwera, Mmakua, Myao wa Nachingwea, ambaye hakuchanga senti, alichanga ardhi. Naye hakuulizwa.

Ramani ya Wakefield iliweka sehemu kubwa zaidi ya mashamba huku kwetu Kusini. Tatizo, Kusini hakukuwa na bandari ya maana wala reli. Kwa hiyo walianzia Kongwa, Ugogoni, kwa sababu tu Reli ya Kati ilikuwa jirani. Ugogo! Nchi ambayo kila Mgogo angekwambia mvua yake haiaminiki. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi ambao kiangazi ukikauka unakuwa tofali, jembe la trekta linalika kama sabuni. Karanga zikishakomaa ndani ya tofali utazing'oaje?

Matrekta yenyewe yalikuwa ya mtumba, masalia ya jeshi, mengine yametolewa Misri na mengine mpaka Ufilipino, mabovu yakiwa mengi kuliko mazima. Waliagiza vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta na kiwanda cha Vickers, vikapewa jina la Shervick. Walifunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya katapila mbili ili zikienda sambamba zilaze miti. Ukisoma haya ukiwa kijana unafurahi, ni kama sinema. Na nadhani hata wao walikuwa wanafurahi: vikorombwezo vilikuwa vitamu kuliko karanga. Mwaka wa kwanza walipanga kulima ekari 150,000. Walipanda karanga kwenye ekari kama 7,500.

Hapa niruhusuni nitoke kidogo niende Ruangwa, kwa babu yangu mzaa mama.

Babu alikuwa mchezaji wa bao. Bao lake lilikuwa gogo limechongwa mashimo kwa tezo, safu nne, mashimo nane kila safu, halikuwa na nakshi hata moja. Kete zake komwe. Siku bao likiwa limeazimwa walichimba mashimo chini ya mkorosho wakaokota vijiwe na mchezo ukawa ule ule, kelele zile zile. Sasa, anayejua bao la kiswahili anajua kwamba kila mchezaji ana kete 32, lakini mchezo unaanza na kumi tu ubaoni: sita kwenye nyumba, mbili na mbili pembeni yake. Hizo 22 nyingine unazishika. Unanamua: unaweka moja, unakula, unatazama mwenzako anafanya nini, unaweka nyingine. Zikiisha mkononi ndipo mnaingia mtaji. Mtaji katika bao unakuja baadaye, ubao ukishakuonyesha ulivyo.

Wakefield na Strachey walimwaga kete zote kabla hawajaliona bao. Hilo ndilo ninaloliona hata kwenye masanduku yanayoharibika. Mtunzi anayekusanya hela ya mchezo ambao umeshachezwa mara mia mezani, sheria zimekamilika, kilichobaki ni kiwanda, huyo ananamua. Mtunzi anayeongeza ubao wa pili kwa sababu jana usiku hela imeongezeka, huyo hajui ubao huo utagharimu kiasi gani wala utachezwaje. Fahari ndiyo inayomfilisi. Visanamu vinahitaji kalibu za chuma za gharama, sanduku likinenepa nauli inapanda, na nauli ilishakadiriwa siku sanduku likiwa jembamba.

Tukirudi Nachingwea. Mwaka 1948 shirika la serikali, Overseas Food Corporation, liliupokea mradi kutoka United Africa Company. Huku Kusini ikajengwa reli kutoka Mkwaya, hapo kwenye mkono wa bahari wa Lindi, mpaka Nachingwea, ikafunguliwa 1949. Mtwara ikaanza kujengwa bandari ya kina kirefu. Nachingwea kukapimwa mji, kukawekwa uwanja wa ndege, karakana, nyumba za wazungu na makambi ya vibarua. Mwaka ule ule reli ilipofika, London walikuwa wameshapunguza lengo kutoka ekari milioni 3.2 hadi 600,000. Yaani sehemu iliyopangwa kuwa kubwa kuliko zote ilipata reli siku ambayo mzigo wa kubeba umefutwa. Sijui kama kuna kituko kikubwa kuliko hicho katika historia ya uchukuzi wa nchi hii.

Mwaka 1950 Alan Wood, ambaye alikuwa mkuu wa habari wa shirika hilo kabla ya kujiuzulu, alitoa kitabu, The Groundnut Affair. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango kama ulivyokuwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni hii: mbegu zilizonunuliwa ni tani 4,000, karanga zilizovunwa ni tani 2,000. Ukimpa mkulima yeyote wa Ruangwa mbegu debe moja akakurudishia nusu debe utamuuliza kama alizila.

Mama wa Manchester hakupata majarini yake. Hilo ni jibu fupi.

Jibu refu ni nani alipata nini. Bandari ya Mtwara ilikamilika katikati ya miaka ya 1950, wakati mradi uliokuwa uilipie umeshakufa, na ndiyo bandari inayopitisha korosho zetu. Reli iliendelea kupata hasara ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikang'olewa. Kusini tukabaki miongo kadhaa bila reli wala lami, masika magari yanalala njiani siku tatu. Mashamba ya karanga ya Nachingwea yalirithiwa mwaka 1955 na Tanganyika Agricultural Corporation, wakajaribu hiki na kile. Na mji ukabaki. Mimi nimesoma na kukua ndani ya kitu alicholipia mtu ambaye hakukitaka na hajawahi kukiona.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema mchangiaji wa karanga alipata hasara tupu, wala sikubaliani na wale wachache niliowasikia semina wakisema "mbona bandari ipo?" Bandari haikuwa ahadi. Ukiagiza mchezo ukaletewa sanduku tupu zuri sana la kuwekea nguo, usiseme umepata ulichotarajia kwa sababu nguo zimeenea. Hapa ndipo narudi kwa wale wa Kingdom Death. Nadhani wengi wao hawakuwa wananunua mchezo peke yake. Walinunua kusubiri: kuona michoro mipya kila mwezi, kubishana, kuhesabu. Matarajio yenyewe ndiyo bidhaa, na hiyo waliletewa kwa wakati, tena kwa wingi. Mtu wa namna hiyo anaridhika hata sanduku likichelewa miaka mitano. Ila wenzangu humu chumbani wanataka kucheza likizo ijayo. Hao si watu wa aina moja, na ndiyo maana kila mmoja akiulizwa kama ameridhika anatoa jibu tofauti kuhusu sanduku lile lile.

Tena biashara ya ahadi haikuisha Kusini. Wilayani Ruangwa kuna mradi wa madini ya kinywe unaoitwa Nachu, wa kampuni ya Magnis, iliyokuwa inauza hisa zake Australia. Leseni ya uchimbaji mkubwa ilitolewa mwaka 2015. Hisa ziliposimamishwa kuuzwa sokoni mwishoni mwa 2023, mgodi ulikuwa haujajengwa. Nachingwea kuna mlima wa nikeli, Ntaka Hill. Huko mambo yaligeuka: serikali yetu ilifuta leseni, wawekezaji wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Julai 2023 Tanzania ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 109. Mwaka 2024 wakapatana kwa dola milioni 90. Safari hii, mtakumbuka, mlipa kodi ni mimi na wewe na bibi anayenunua sabuni dukani. Hatukuona kampeni yoyote na tumeshakatwa.

Kwa hiyo wenzangu nimewajibu hivi. Kama sheria za mchezo zimewekwa hadharani na kuna watu wasiomjua mtunzi wameshaucheza, changeni. Kama mtunzi ameshawahi kuleta sanduku jingine, hata kama alichelewa, changeni. Kama kinachoonyeshwa ni visanamu tu vinang'aa na hesabu ya hela inavyopanda, shikeni kete zenu mkononi. Na mchukue la kawaida. Mmoja kanuna, anasema la kawaida halina sarafu za chuma. Nimemwambia sarafu za chuma anazo mfukoni, atumie za shilingi mia mbili.

Lakini kuna kipande kimoja cha Nachingwea kinachonisumbua, kwa sababu kinakwenda kinyume na yote niliyosema. Mwaka 1965 FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilipewa kambi Nachingwea, mahali panapoitwa Farm 17. Jina hilo ni namba ya shamba la karanga. Pale pale palipofyekwa kwa katapila ndipo Samora Machel na wenzake walipofundisha wapiganaji, wakawa na shule na hospitali, wakilima chakula chao. Fedha za vyama vya ukombozi zilipitia Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na zilitokana na michango ya nchi wanachama. Nchi nyingi zilichelewa kulipa na nyingine hazikulipa. Silaha na wakufunzi wengine walitoka mbali, China wakiwemo.

Hawakuwa na tarakimu za kuonyesha. Hawakuahidi ekari wala tani, hawakutaja mwaka wa kumaliza, na mwaka 1969 kiongozi wao, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu hapa hapa Dar es Salaam. Mei 1975 Samora alivuka Rovuma, akashuka na nchi nzima mpaka Maputo, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru.